Kamusi ya meli za hewa: mwongozo kamili wa kubuni maneno yasiyokuwepo na kuyapa maana mpaka watu wacheke

Umeme ukikatika hapa Goma kuna watu wanalala mapema, kuna wenye kucheza karata, sisi watu wanne tunaandika kamusi. Ni kamusi ya nchi isiyokuwepo, nchi ambako hakuna ndeke (ndege) wala gari, kila mtu anasafiri na meli za hewa, zile ndefu zenye umbo la sigara ambazo Wajerumani waliziita zeppelin, na mchezo wenyewe ni mwepesi kuuelewa ila mgumu kuucheza: unaleta neno ambalo halipo, unalipa maana kwa sauti ya kamusi kabisa, uso mkavu kama mwalimu anayesoma majina ya walioanguka mtihani, wenzako wakicheka umepata pointi, wakikuuliza "eti nini?" umekosa. Tumecheza zaidi ya mwaka sa hivi, karnee (daftari) mbili zimejaa, na kwa vile kila mara kuna mtu ananiuliza tunafanyaje, nimeona niandike yote mara moja, mnisamehe ni ndefu.

Nianze na vile tuliharibu. Usiku wa kwanza mi nilikuja na maneno kama "zorfaliki" na "krantimo", nilijiona fundi kweli, nikayapa maana ya "aina ya mashine inayotumika ndani ya meli ya hewa". Kimya. Mdogo wangu wa kike, ambaye hata hakuwa kwenye mchezo, alikuwa pembeni anachambua maharage kwa mwanga wa toshi ya telefone, akauliza tu bila kuinua kichwa: "Yaya, iyo mashine ikiharibika nani anaitengenezaka?" Sikuwa na jibu. Akaendelea na maharage yake. Af mwenzetu mmoja, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka kushuka kwenye boti ya Bukavu na alikuwa bado na hasira ya pesa alizotozwa pale chini, akasema neno "ushushi". Maana yake? "Pesa inayolipwa kwa kushuka kwenye meli. Kupanda ni bure." Mdogo wangu akaachia maharage. "Kupanda bure?" Bure. "Aaa! Njo vile banakukamataka!" Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta, na ile sentensi yake tuliiandika ndani ya maana vile vile alivyoisema.

Tangu usiku huo najua kitu kimoja na mwongozo wote huu unazunguka hapo: neno la kubuni linachekesha likiwa na mtu anayelila, anayelilipa au anayeliogopa. Likiwa halina mtu, ni kelele tu.

Hatua ya 1: amua nini kinainua meli, na nani hana

Wengi wanaanza na ramani, majina ya wafalme, rangi za bendera. Acha kwanza. Anza na gesi, kwa sababu kwenye dunia ya meli za hewa gesi ndo chakula, ndo siasa, ndo sababu ya watu kuoana na kuachana.

Hesabu ya kweli iko hivi. Mita moja ya ujazo ya heliamu (fikiria boksi la mita moja kila upande) inainua karibu kilo moja, haidrojeni inazidi kidogo tu. Ndo maana zile meli zilikuwa kubwa za kutisha: Hindenburg, zeppelin ya Wajerumani, ilikuwa na urefu wa mita 245 na ndani mita za ujazo kama 200,000 za gesi. Heliamu haiwaki, haidrojeni inawaka, lakini heliamu ilikuwa mikononi mwa Wamarekani na hawakuitoa, basi Wajerumani wakajaza haidrojeni, na tarehe 6 Mei 1937 meli ikashika moto ikiwa inatua Lakehurst, New Jersey, watu 36 wakafa. Hapo hujabuni neno hata moja lakini tayari una mwenye nacho, asiye nacho, na hatari katikati. Maneno yatatoka yenyewe.

Sisi tuliamua nchi yetu haina heliamu, ina ziwa. Ziwa Kivu limebeba gesi ya metani chini kabisa, inahesabiwa kama kilomita za ujazo 60, ndo ile ile upande wa Rwanda wanaivuta kufanyia umeme. Metani ni nyepesi kuliko hewa, inaweza kuinua puto, ila nguvu yake ni karibu nusu tu ya haidrojeni. Maana yake meli yetu, kwa mzigo ule ule, lazima inenepe mara mbili. Na hapo likazaliwa neno langu la kwanza ambalo sioni aibu kulionyesha:

kitambi nm [ki-/vi-] 1. meli ya hewa iliyojazwa gesi ya ziwa kwa kukosa pesa ya heliamu. 2. umaskini unaoonekana toka mbali: *Usimwoze binti kwa mtu mwenye kitambi.*

Unaona kazi ilivyofanyika? Huku kwetu mwanaume akiwa na kitambi wanasema mambo yake yameanza kukaa sawa, kule juu kitambi ni aibu, matajiri wote wana meli nyembamba. Neno ni la kila siku, sijabuni hata herufi, nimegeuza dunia tu chini yake.

Kitu kingine: Goma iko kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14, na meli ya hewa inabebwa na uzito wa hewa inayoisukuma pembeni, kwa hiyo chombo chenye nguvu ya kuinua tani 10 Mombasa kikijazwa huku kinainua 8 na nusu hivi. Mwenzetu mmoja ambaye ni mtu wa hesabu alitueleza hii karibu nusu saa na tulikuwa tunasinzia, af mwisho akasema kwa sauti ya uchovu "yaani kilo ya pwani siyo kilo ya huku", sote tukaamka.

kilo ya pwani nm ahadi ya mzigo iliyotolewa bandari ya chini na isiyoweza kufika mlimani: *Ananipenda, lakini kwa kilo za pwani.*

Ile sentensi sa hivi tunaitumia hata nje ya mchezo, shangazi yangu aliisikia mara moja tu akaichukua, hajui hata kama kuna meli.

Hatua ya 2: karnee, upande wa kushoto

Nunua karnee ya kawaida na biki. Kila ukurasa, kushoto unaandika kitu cha kweli kuhusu meli za hewa, kulia unaacha wazi. Usiruke hii hatua, ndo hapa wavivu wanakwama, wanataka kubuni toka kichwani moja kwa moja wakati kichwa cha mtu kina vitu kumi tu na vyote umeshaviona kwenye sinema. Mambo ya kweli yana ukorofi ambao we huwezi kuubuni. Nitoe baadhi ya yaliyoko kwangu.

Vifuko vya gesi vya zeppelin za zamani vilitengenezwa kwa ngozi laini ya utumbo wa ng'ombe, ng'ombe wengi sana kwa meli moja. Kulia nimeandika:

ng'ombe kulia kt mlio wa gesi inayovuja. Abiria akiuliza "hiyo ni nini?" nahodha hujibu "ng'ombe" na hajadanganya.

Mwaka 1783, kule Versailles, ndugu Montgolfier waliporusha puto la moto mbele ya mfalme wa Ufaransa, abiria walikuwa kondoo, bata na jogoo. Walishuka wazima. Kulia:

kondoo wa kwanza nm abiria anayepewa tiketi ya bure kwenye meli ambayo haijawahi kuruka: *Harusi ilipokwisha, alimwalika shemeji yake kuwa kondoo wa kwanza.*

Hindenburg ilikuwa na piano ya alumini, kilo kama 160 hivi, ili isilemee. Pia ilikuwa na chumba cha kuvutia sigara, ndani ya meli iliyojaa haidrojeni, hebu fikiria, chumba chenye milango miwili na kiberiti kimoja tu cha umeme. Mi kwenye hiki nimeandika maneno manne na yote mabaya, ukweli wenyewe unachekesha kuliko mimi. Ikitokea hivyo acha ukurasa, usilazimishe.

Halafu kuna hii, naipenda kuliko zote kwa sababu inagusa huku kwetu. Novemba 1917 Wajerumani walituma meli ya hewa, L 59, toka Yambol kule Bulgaria, ije kuleta vitu kwa jeshi la kamanda wao Lettow-Vorbeck lililokuwa linapigana Afrika ya Mashariki. Haikupangwa kurudi. Ikifika, ilikuwa ivunjwe yote, kitambaa chake kishonwe mahema na nguo za askari, yaani meli igeuke suruali. Ilifika juu ya Sudani ikaitwa irudi, ikarudi, karibu kilomita 6,800 kwa masaa 95 bila kutua. Sasa mtu unapewa zawadi kama hiyo unaenda kubuni "zorfaliki"?

kuvaa meli kt kumaliza safari bila nauli ya kurudi: *Kaka yake alikwenda kutafuta maisha bandari ya kusini, tumesikia amevaa meli.*

Hatua ya 3: tengeneza neno kwa mitambo ya Kiswahili

Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu tamu. Lugha yetu ukiipa mzizi mmoja inakutolea ukoo mzima, bibi na wajukuu, kila mmoja na kazi yake, na msomaji anaelewa nusu ya maana kabla hujamwambia. Chukua "shuka". Ushushi ni ile kodi. Mshushi ni yule anayeikusanya, lazima ana kofia. Kishushio ni ngazi yake, fupi kuliko inavyotakiwa, ili ulipe uongezewe. Kushukiana ni meli mbili kutua sehemu moja saa moja, halafu ugomvi. Kwa mzizi mmoja nina bandari nzima na sijatumia jasho.

Ngeli nazo zina tabia. Ukiweka neno kwenye ki-/vi- linakuwa dogo, kifaa, au la kudharaulika kidogo. Ukiliweka kwenye ji-/ma- linakuwa jitu. U- inafanya kila kitu kionekane kama wizara. Jaribu: mpepo, kipepo, jipepo, upepaji. "Upepaji" peke yake tayari naona ofisi, foleni, na karatasi ya kupigwa muhuri.

Ila dhahabu iko kwenye maneno ambayo tayari yana sura mbili. Kuna moja lilitupa usiku mzima. Kitu kikikaa juu ya maji bila kuzama kinaelea. Jambo likikaa wazi kichwani, wazee wanasema limenielea. Ukikifanya kitu kielee unakieleza, na kueleza ndo hii hii tunayofanya kwa midomo. Yaani kwa Kiswahili mwenye kueleza ndo mwenye kufanya mambo yasizame, hata hatukubuni, tulikuta. Basi:

maelezo nm [ya-] gesi ya akiba. Nahodha mwenye maelezo mengi hashuki hata akiitwa.

Nyingine "mshukiwa". Kwenye kesi ni mtu anayeshukiwa kosa, inatoka kwenye "shuku". Lakini sikio linasikia "shuka", si ndiyo? Sasa:

mshukiwa nm [a-/wa-] mtu ambaye meli imetua juu ya bati lake. Hupelekwa kituoni kwanza, meli huulizwa baadaye.

Nilipoisoma hii, mwenzetu ambaye nyumba yao iliwahi kugongwa ukuta na lori na wao ndo wakaitwa kujieleza hakucheka, aliitikia tu kwa kichwa mara tatu. Hiyo kwangu ni pointi mbili.

Maneno ya Kifaransa tuliyoyavalisha Kiswahili nayo yanafaa, bagazi (mizigo), retari (kuchelewa), kontroleri (mkaguzi), ila usijaze, yakizidi inakuwa mazungumzo ya kawaida ya huku na ile ladha ya nchi nyingine inapotea. Na ukibuni kabisa toka hewani, angalau neno limalizike na vokali na liweze kupokea ngeli. Sema wingi wake kwa sauti. Likikataa wingi, litupe.

Hatua ya 4: andika maana, halafu ikate

Nawaonyesha neno moja toka mwanzo hadi mwisho ili muone machinjio yenyewe. Kitu cha kweli: Hindenburg ilipokuwa inatua ile siku ya mwisho, mkia ulikuwa umelemea, wakamwaga maji ya uzito, bado, wakatuma wafanyakazi sita wakimbie puani mwa meli ili uzito wao usawazishe. Meli ya mita 245, inarekebishwa na wanaume sita kutembea. Neno nililopata: mzito.

Jaribio la kwanza niliandika: "mtu anayetumwa mbele ya meli ili kusawazisha uzito wakati wa kutua." Sahihi. Imekufa. Ni maelezo ya mashine, mtu hayumo.

La pili: "mtu mnene sana ambaye kazi yake ni kukaa." Walicheka kidogo, kile kicheko cha pua, lakini ni kumcheka mnene tu, hata bila meli ungeweza, kwa hiyo neno halijafanya kazi yoyote. Ukiona kichekesho chako kinaweza kuhamia hadithi nyingine bila kubadilisha kitu, jua hakijaota mizizi.

La tatu nilijiuliza swali la mdogo wangu, nani anamlipa? Na analipwaje?

mzito nm [a-/wa-] baharia anayelipwa kwa kilo. Akiugua malaria hukatwa mshahara.

Basi. Walikuwa kimya kama sekunde mbili halafu ikalipuka. Nilitaka kuongeza mama wa bugali wa bandarini anayemkopesha bila kuandika, na mke anayempima kila Jumapili, wakaninyang'anya biki, na walikuwa na haki. Maana ikishapata tokeo lake moja, funga. Ile ya mama wa bugali nilikuja kuitumia kwenye neno lingine.

Kuhusu sauti: hapa kwetu kwa mdomo tunasema "anakulaka", "anafanyaka", lakini kamusi husema "hula", "hufanya". Ile hu- ni suti na kravati. Ukiandika upumbavu ukiwa umeuvalisha hu- unachekesha mara mbili, kwa sababu mtu wa Goma akisikia "hukatwa mshahara" anaona mtu mwenye miwani nyuma ya meza. Tumia pia nm kwa nomino, kt kwa kitenzi, na taz. kwa tazama, vile Kamusi ya Kiswahili Sanifu inavyofanya. Na usiweke kamwe maneno kama "cha ajabu", "cha kuchekesha", "eti". Kamusi haijui kama inachekesha, ukiifanya ijue umeua.

Hatua ya 5: mfano wa sentensi uende mbali na meli

Hii ni fupi lakini watu wanaikosea kila siku. Wakishatoa maana wanaandika mfano unaorudia maana. "Mshushi alikusanya ushushi." Sasa umetuambia nini? Mfano upeleke neno kwenye mapenzi, deni, mwenye nyumba, mkwe, kanisa. Watu wa nchi ya meli za hewa si wanaishi, wanagombana, wanachelewa? Tuna moja:

upepo wangu haujafika msemo udhuru wa anayechelewa, hukubaliwa hadi mara mbili kwa mwezi: *Bwana harusi alituma ujumbe kwamba upepo wake haujafika, bibi harusi akajibu kwamba wake umeshaondoka.*

Aliyeandika mfano huo ni mdogo wangu, ndiyo, yule wa maharage, alijiunga mwezi wa pili na sa hivi anaongoza kwa pointi. Sisemi zaidi.

Hatua ya 6: bandari zigombane

Kamusi ambayo kila mtu anakubaliana nayo inachosha. Gawa nchi yako kwenye bandari mbili au tatu na uzipe maneno tofauti kwa kitu kimoja. Sisi tuna mmoja wa Bukavu na hiyo peke yake inatosha, maana hakubali kitu. Kamba ya kufungia meli sisi tuliita "mshipi", yeye akasema kwao inaitwa "ndoa", tukamuuliza kwa nini, akasema "unaitupa, wanaidaka wale usiowajua, basi huondoki tena." Ikabidi tuandike:

ndoa nm (Bukavu) taz. mshipi. (Goma) haitumiki, wenyeji huona haya.

Na zile taz. zichezee. Mshushi, taz. ushushi. Ushushi, taz. mshushi, dirisha la pili. Mtu anazunguka ndani ya kamusi kama anatafuta hati ofisini. Lakini fanya mara moja tu kwenye kamusi nzima, ukirudia inakuwa uvivu.

Hatua ya 7: mpe motari

Marafiki zako watacheka kwa sababu ni marafiki. Jaribio la kweli ni kulitumia neno kwa mtu ambaye hajui kitu, ndani ya sentensi ya kawaida, bila kulieleza. Mi natumia motari, wale wa teksi ya pikipiki. Siku moja toka rompuwe (mzunguko wa barabara) ya chukudu, yule ambaye nilipanda naye akaniambia bei, tulipofika akaongeza franka mia tano kwa sababu ya barabara mbaya. Nikamwambia taratibu: "Papa, sasa iyi ni ushushi." Akaniangalia. Akawaza. Halafu akaanza kucheka mwenyewe, "ushushi! eee, ushushi, leta tu", nikamlipa na mia tano yake kwa furaha. Hajawahi kusikia lile neno, na alilielewa, kwa sababu ngeli na mzizi na hali ile vilimfikisha. Neno ambalo motari analielewa bila maana kuandikwa ndo limepita. Neno "kondoo wa kwanza" lilipita kwa mama mmoja wa soko aliyekuwa ananionjesha samaki wa jana. "Kilo ya pwani" ilianguka mara mbili na bado naipenda, kwa hiyo sheria hii nayo isikuue.

Ukikuta neno limekataa, usikimbilie kulifafanua zaidi. Mara nyingi tatizo ni kwamba mwenye neno hayupo, rudi hatua ya nne uulize nani analipa, nani anapigwa, nani anasubiri mvua. (Kumbuka zile meli zilikuwa zinakinga maji ya mvua mgongoni ili kupata uzito, kwa hiyo kuna nchi ambako nahodha anaomba mvua na mama mwenye nguo kwenye kamba anaomba jua, na wanaishi mtaa mmoja. Hiyo bure, ichukue.)

Tusichochezea

Makabila, hapana. Siyo kwa sababu ya adabu tu, ni kwamba kichekesho cha kabila hakihitaji meli, kinaanguka kwenye kosa lile la "mtu mnene". Mazuku pia hatugusi, ile hewa nzito inayolala kwenye mashimo huku, mbuzi anaingia hatoki, na siyo mbuzi peke yake. Kwenye nchi ambayo kila kitu ni hewa nyepesi ungeona mazuku ni neno tamu la kugeuza, na mwenzetu mmoja alijaribu, akaanza tu "mazuku nm" na hakuna aliyetaka kusikia zaidi. Moto wa volkano ya Nyiragongo wa 2021, vile vile.

Vifo vya zamani na mbali tunavigusa lakini tunamcheka aliyetoa amri. Mwaka 1932 kule California meli ya USS Akron ilipaa ghafla wakati wa kutua, mabaharia watatu wakabaki wameshika kamba, wawili wakaanguka wakafa, mmoja akavutwa ndani baada ya muda mrefu wa kuning'inia. Hapo maana tuliyoandika inahusu karatasi: "amri ya kuachia nm amri inayotolewa kwa maandishi, nakala tatu, kwa mtu mwenye mikono miwili kwenye kamba." Hakuna anayemcheka baharia pale.

Ukubwa na kufunga

Usiku mmoja maneno matano, sita, yanatosha, yakizidi mnaanza kuchekea uchovu. Maneno kama arobaini yanafanya kamusi nzuri ya kupitisha kwenye WhatsApp, ukituma mia watu wanasoma kumi na kukuwekea kidole gumba. Yapange kwa alfabeti hata kama yameandikwa ovyo, kwa sababu alfabeti inakaribisha majirani wa ajabu, "mshukiwa" kukaa mlango wa kwanza kwa "mshushi" hatukupanga sisi. Soma yote kwa sauti mara moja, mtu mmoja, bila kusimama, wengine wakishika kalamu, na kila pale msomaji anapojikwaa kuna neno la kukata.

Sheria yetu ya mwisho ni kwamba umeme ukirudi mchezo umekufa hapo hapo, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi, kila mmoja anakimbilia kuchaji. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa karnee ya pili kuna neno la mdogo wangu lililobaki hivi hivi, na amekataa kutuambia lilikuwa linaenda wapi:

kipepeo nm [ki-/vi-] mtoto wa mshushi ambaye, kwa kuogopa baba yake, hupanda kila meli na